Kwa nini farasi anachunguzwa ili kuielewa homa ya ini C ya binadamu

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga. Kaka yangu alikwenda kuchangia damu, akaambiwa kwamba ana kingamwili za homa ya ini C, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani bila maelezo zaidi. Yeye anaishi Handeni na anafuga punda wanne wa kubebea maji. Katika kutafuta habari za ugonjwa huu nimesoma kwamba wataalamu wa nje wanauchunguza kwa kutumia farasi. Je, inawezekana ni punda waliomwambukiza? Kwa nini watumie farasi, wakati tumezoea kusikia habari za panya? Na uchunguzi huo utatusaidia nini sisi?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa wasiwasi ulionao. Mimi ni daktari wa mifugo, na nusu ya swali lako ni ya madaktari wa binadamu, lakini ugonjwa huu umetukutanisha sisi na wao kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu yote. Nianze na kaka yako.

Kingamwili ni alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Hazithibitishi kwamba kirusi bado kimo mwilini. Kati ya kila watu kumi wanaoambukizwa homa ya ini C, takriban watatu hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, na kingamwili zao hubaki katika damu kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa sababu hiyo kipimo kinachotakiwa sasa ni kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, yaani RNA. Kama hakionekani, kaka yako ni mmoja wa hao watatu. Kama kinaonekana, zipo dawa za kumeza, kama vile sofosbuvir ikichanganywa na daclatasvir, ambazo kwa kawaida hutumiwa kwa wiki 12 na huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Arudi hospitali akiulizia kipimo hicho kwa jina lake, na mpaka majibu yatoke asichangie wembe wala mswaki na mtu, na pombe aiache. Kwa kweli nimehuzunika kusikia kwamba alirudishwa nyumbani na neno moja tu la kutisha, kwa sababu maelezo haya yanachukua dakika tano.

Ama punda, hawana hatia. Kirusi cha homa ya ini C husafiri kwa damu ya binadamu kwenda kwa binadamu, na wanyama wanaojulikana kushikwa nacho kikamilifu ni sokwe peke yao. Farasi ana kirusi chake mwenyewe, ambacho ni ndugu wa kile chetu, na hakuna ushahidi kwamba kirusi hicho humwingia mtu. Punda nao wamepimwa katika nchi mbalimbali, na wachache wao walikutwa na kirusi hicho cha farasi. Mwaka 2021 wataalamu walieleza pia kirusi cha ukoo wa homa ya ini B katika punda na pundamilia. Hicho nacho ni cha kwao, na hakuna mtu aliyethibitishwa kukipata kwa punda.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la pili. Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa mwaka 1989 na Michael Houghton na wenzake, baada ya miaka mingi ambayo Harvey Alter na wengine walikuwa wanaona wagonjwa waliotiwa damu hospitalini wakiugua ini huku vipimo vya homa ya ini A na B vikionyesha hawana kitu. Kazi yote hiyo ilisimama juu ya mgongo wa sokwe: damu ya wagonjwa ilitiwa kwa sokwe ili kuthibitisha kwamba kuna kinachoambukiza, na hata plazma, yaani maji ya damu, iliyotumiwa kukitambua kirusi ilitoka kwa sokwe. Mwaka 1997 Charles Rice na wenzake walitengeneza RNA ya kirusi katika maabara, wakaidunga moja kwa moja katika ini la sokwe, na sokwe akaugua. Hivyo ikathibitika kwamba kirusi hicho peke yake kinatosha kuleta ugonjwa. Watu hao watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Tatizo ni kwamba sokwe ni mnyama aliye karibu nasi mno, kiasi kwamba kumfungia chumbani na kumtoboa ini ni jambo ambalo dhamiri za watu wengi zilikataa, na mimi ni mmoja wao. Marekani, ambayo ndiyo iliyobaki ikifanya uchunguzi wa namna hiyo kwa wingi, ilianza kuufunga mwaka 2013, na mwaka 2015 ikatangaza kwamba sokwe wote wa serikali watastaafishwa. Kirusi kikabaki bila mnyama wa kuchunguziwa. Panya wa kawaida wa maabara hashikwi na homa ya ini C ya binadamu. Wapo panya waliopandikizwa seli za ini la binadamu, lakini ili wasizikatae seli hizo ni lazima kwanza wanyang'anywe kinga ya mwili, na mnyama asiye na kinga hawezi kukufundisha namna kinga inavyopigana.

Huenda ukauliza kwa nini wasitumie watu wanaojitolea, kwa kuwa jambo hilo limekwisha fanyika hapa pwani kwetu: mwaka 2012, Bagamoyo, watu wazima wenye afya walikubali kuambukizwa malaria kwa kipimo maalumu chini ya uangalizi, kisha wakatibiwa. Malaria inaruhusu hivyo kwa sababu vimelea huonekana kwenye damu mapema, na dawa huvimaliza kwa siku chache. Homa ya ini C ni kitu kingine. Kwa watu saba kati ya kumi hukaa mwilini daima isipotibiwa, na kati ya waliobaki nayo, watu 15 hadi 30 katika kila 100 hupata makovu makubwa ya ini ndani ya miaka 20. Kabla ya dawa hizi mpya, ambazo zilianza kuidhinishwa mwaka 2013, hakuna daktari mwenye akili timamu ambaye angemwomba mtu ajitolee kwa jambo hilo.

Ndugu wa kirusi chetu alipatikana kwa njia ya kushangaza. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakichunguza mbwa wenye mafua walikuta, katika sampuli za pua, kirusi kinachofanana na cha homa ya ini C kuliko kingine chochote kilichokuwa kikijulikana, wakakiita kirusi cha mbwa. Mwaka uliofuata walipima damu za wanyama wa aina nyingi ili kumjua mwenyeji wake wa kweli. Mbwa hawakuonyesha dalili ya kukifuga. Farasi ndio waliokuwa nacho. Katika damu za farasi 103 walizopima, takriban theluthi moja zilikuwa na kingamwili, na farasi wanane walikuwa na kirusi chenyewe wakati huohuo. Baada ya hapo kimekutwa kwa farasi wa Uingereza, Ujerumani, Japani, Brazili na kwingineko. Kumbe kilikuwa kikizunguka katika mazizi miaka yote hiyo bila mtu kukitazama, kwa sababu farasi wengi walio nacho hula, hukimbia na kunenepa kama wenzao.

Kufanana kwa virusi hivi viwili si kwa sura tu. Vyote viwili ni uzi mmoja wa RNA, vyote hutengeneza protini moja ndefu ambayo baadaye hukatwa vipande vipande, na vyote huishi ndani ya seli za ini. Kuna molekuli ndogo ya RNA iitwayo miR-122, ambayo imejaa katika seli za ini, na kirusi chetu huishikilia kama mtu anavyoshikilia kamba ya kisimani. Kirusi cha farasi nacho kina mahali pa kuishikilia. Mwaka 2015 jaribio la Rice la mwaka 1997 lilirudiwa, safari hii kwa farasi: RNA iliyotengenezwa maabara ikadungwa katika ini lake, kirusi kikaonekana katika damu, kingamwili zikatokea, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba ini limeumia kidogo. Kuanzia siku hiyo farasi akawa mnyama halali wa kuchunguzia.

Sasa nieleze kwa nini mimi, niliyeshika wanyama hawa kwa mikono yangu, naona jambo hili ni la thamani. Ukitaka damu ya punda unasimama ubavuni mwake, unabonyeza kwa kidole gumba ule mfereji wa shingo, na baada ya sekunde chache mshipa unavimba mpaka unauona unapita chini ya manyoya kama mpira wa kumwagilia bustani. Sindano ikiingia vizuri, kichupa kinajaa kabla punda hajamaliza kugeuza masikio. Ukikiacha kichupa kimesimama mezani kwa saa moja, damu inaganda chini na juu inabaki seramu ya rangi ya majani makavu, na humo ndimo zilimo kingamwili zote unazotafuta. Kwa farasi ni hivyohivyo, ila kwa wingi zaidi: farasi mzima wa kilo 500 ana takriban lita 40 za damu, wakati panya mdogo wa maabara hafikishi hata kijiko kimoja cha chai. Maana yake ni kwamba farasi yuleyule mmoja anaweza kutolewa damu kila wiki, na kinofu kidogo cha ini kwa sindano maalumu baada ya kupigwa ganzi, kwa miezi na miaka, bila kuuawa. Mtafiti anafuata historia ya mwili mmoja tangu siku kirusi kilipoingia hadi siku kilipoondoka.

Na kirusi huondoka. Hilo ndilo jambo kuu katika habari hii yote. Kwetu sisi wengi hushindwa kukiondoa kirusi. Kwa farasi wazima walio wengi, kinga hukifukuza ndani ya wiki au miezi kadhaa, na ni wachache tu wanaobaki nacho kwa muda mrefu. Tunao basi ndugu wawili wa ukoo mmoja, wanaokaa katika kiungo kilekile, mmoja hushinda mara nyingi na mwingine hushindwa mara nyingi. Anayetaka kutengeneza chanjo hana budi kujiuliza ni kitu gani kinachofanya tofauti hiyo. Sehemu ya jibu imeanza kuonekana kwenye ganda la kirusi. Kirusi chetu kina kipande kimoja cha protini ya nje kinachobadilika kila mara, ili kingamwili zilizotengenezwa jana zisikitambue leo; kirusi cha farasi hakina kipande cha namna hiyo, na ganda lake hubadilika polepole zaidi.

Jaribio ambalo mimi hulirudia sana ninapozungumza na wanafunzi lilitangazwa mwaka 2017. Farasi waliokwisha kupona waliambukizwa kwa mara ya pili, wengine kwa kirusi kilekile na wengine kwa kirusi cha aina tofauti kidogo. Baadhi yao kirusi hakikuonekana kabisa katika damu, na waliobaki kilionekana kwa muda mfupi kisha kikatoweka. Kinga ilikuwepo, ingawa haikuwa ukuta kamili. Wagonjwa wa binadamu waliopona wenyewe kisha wakaambukizwa tena wameonyesha jambo linalofanana: wengi wao hukiondoa kirusi upesi zaidi mara ya pili. Ni habari njema, kwa sababu inaonyesha kwamba chanjo inaweza kuwa na manufaa hata ikishindwa kuzuia maambukizi yenyewe, mradi izuie yasiwe ya kudumu.

Panya nao wamepata nafasi yao tena. Mwaka 2014 kirusi kingine cha ukoo huu kilikutwa kwa panya wa mitaani wa New York, na kufikia mwaka 2017 kilikuwa kinatumiwa katika maabara. Kwa panya wa jamii kubwa, kama hao wa mitaani, hudumu maisha yote, kwa hiyo wanafaa sana kuchunguzia namna ugonjwa unavyokuwa sugu, na ni rahisi kuwafuga. Ila undugu wa kirusi chao na chetu ni wa mbali zaidi kuliko wa kile cha farasi. Mimi sioni sababu ya kuwashindanisha; swali la kushindwa aulizwe panya, na swali la kushinda aulizwe farasi.

Nisikufiche kasoro. Kumtunza farasi mmoja wa utafiti kunagharimu kuliko chumba kizima cha panya, na kwa sababu hiyo majaribio mengi yana farasi wanne, watano au sita tu, idadi ambayo haitoshi kujenga hoja kubwa. Vitendanishi, yaani dawa za maabara, vya kuchunguza kinga ya farasi ni vichache. Tena ugonjwa wake ni mwepesi mno: makovu ya ini na saratani, ambavyo ndivyo vinavyotuua sisi, kwa farasi ni nadra, kwa hiyo kwa mambo hayo hana mengi ya kutuonyesha. Ninapoona imeandikwa kwamba farasi ataleta tiba ya homa ya ini C, huona kwamba mwandishi amevuka mpaka. Tiba ipo tayari, na ilipatikana kwa njia nyingine.

Kinachokosekana ni chanjo. Homa ya ini B ina chanjo, na watoto wetu wanaipata kliniki ndani ya sindano ileile ya kifaduro, dondakoo na pepopunda. Homa ya ini C haina. Chanjo iliyofika mbali zaidi ilijaribiwa kwa watu nchini Marekani, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021: ilipunguza wingi wa kirusi mwanzoni, lakini haikuzuia maambukizi kuwa ya kudumu. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa wanaishi na kirusi hiki, wengi wao bila kujua, kama kaka yako alivyokuwa. Dawa ya wiki 12 haimfikii mtu asiyejua kwamba anaumwa, na aliyepona anaweza kuambukizwa upya. Chanjo ingewafikia wote hao, na ndiyo maana kila mnyama anayeweza kutufundisha namna kinga inavyokishinda kirusi cha ukoo huu anastahili kusikilizwa.

Farasi wametufundisha jambo jingine tangu zamani, nalo linahusu sindano. Mwaka 1918 daktari wa mifugo Arnold Theiler, aliyekuwa Afrika Kusini, alieleza ugonjwa wa ajabu uliowapata farasi waliochanjwa dhidi ya tauni ya farasi ya Afrika. Katika chanjo hiyo farasi walipewa pia seramu ya wenzao waliokwisha kupona. Wiki kadhaa baadaye baadhi yao waligeuka manjano machoni, wakawa wanatembea kama vipofu na kugonga kuta, wakafa ndani ya siku chache, na ini lao lilikuwa limeharibika kabisa. Kwa karibu miaka mia moja haikujulikana ni nini kilichokuwa ndani ya seramu. Mwaka 2018 ndipo kilipoelezwa kirusi cha jamii ya pavo, kisicho na undugu na homa ya ini C, katika ini la farasi wa Nebraska aliyekufa baada ya kudungwa seramu ya kuzuia pepopunda, ambayo hutengenezwa kwa damu ya farasi wengine. Na farasi wengi waliougua kwa namna hiyo walipopimwa walikutwa nacho.

Arnold alikuwa na mtoto aliyeitwa Max, ambaye alitengeneza chanjo ya homa ya manjano na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1951. Chanjo hiyo ni nzuri, na mpaka leo inalinda mamilioni ya watu. Lakini mwaka 1942, wakati wa vita, iliyopewa jeshi la Marekani ilikuwa imechanganywa na seramu ya binadamu ili isiharibike, na takriban askari 50,000 waliugua ini. Baadaye ikathibitika kwamba ilikuwa homa ya ini B iliyofichika katika seramu hiyo. Baba alikuwa ameyaona hayohayo kwa farasi robo karne kabla. Misri nayo, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, ilitibu kichocho kwa sindano zilizotumiwa kwa mtu baada ya mtu, na kwa njia hiyo ikajikuta na homa ya ini C nyingi kuliko karibu nchi yoyote duniani, mpaka ilipofanya kampeni kubwa ya kupima na kutibu wananchi wake katika miaka ya karibuni.

Ndiyo maana, kaka yako akiniuliza mimi aliupata wapi ugonjwa huu, nitamwuliza kama aliwahi kutiwa damu zamani, kama aliwahi kudungwa sindano mtaani na mtu asiye mganga wa hospitali, kama amechanjwa chale kwa wembe uliopita kwa wengine, au kama alichorwa au kutahiriwa kwa kifaa kilichotumiwa na wenzake. Punda wake sitawauliza kitu.

Lakini nitauliza juu yao kwa ajili yao wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja upande wa bara wa mkoa wetu, nilimkuta mchanjaji akipita zizini na bomba moja na sindano moja kwa punda wote kumi na wawili, akiifuta kwa pamba kila alipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nilipomsimamisha alisema kwamba hao ni wanyama tu. Hapa kwetu farasi ni wachache, mbung'o na maradhi viliwamaliza tangu zamani; Stanley, yule msafiri Mzungu, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wake wawili, wote walimfia njiani. Punda ndio waliobaki kutubebea, na virusi vya ini vya jamii ya farasi huwapata na wao, tena kwa sindano ya namna ileile. Kwa hiyo mwambie kaka yako kwamba siku mchanjaji akifika kwake Handeni, amtake atoe sindano mpya nne, moja kwa kila punda, na azihesabu kabla kazi haijaanza.